Jinsi Kompyuta Inavyochambua Maneno ya Mtindo

Muhula uliopita, asubuhi moja kabla ya kengele ya kipindi cha pili, mzee mmoja alifika ofisini kwetu kwa baiskeli. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya meza yangu taratibu, akasema, "Mwalimu, mmemnyang'anya binti yangu babu yake."

Nilitazama ile simu. Ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa niliouandika mwenyewe, wenye orodha ya watahiniwa wetu wa Kidato cha Nne, ili wazazi wahakikishe majina ya watoto wao kabla hayajapelekwa Baraza la Mitihani. Jina la kwanza la yule binti lilikuwapo. Jina la baba yake lilikuwapo. Lakini jina la tatu, yaani jina la babu, lilionekana herufi mbili tu, na zilizobaki zilikuwa zimekatwa kama mtu aliyekata karatasi kwa mkasi.

Mzee hakuja kwa ugomvi. Alinieleza kwamba kijana wake mkubwa alipata taabu nyingi kwa sababu cheti chake kilikuwa na majina mawili na kitambulisho chake majina matatu, akaenda na kurudi, akala nauli na siku za kazi, hata akaonekana kana kwamba ni watu wawili. Hakutaka binti yake aanze safari ileile. Nilimfungulia jalada la karatasi, naye akafuata mstari kwa kidole mpaka akalikuta jina la babu limeandikwa kamili. Akashukuru. Alipokuwa anapanda baiskeli yake akaniuliza, "Kama kwenye karatasi limo, huko kwenye simu amelikata nani?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba nimelikata mimi. Makala haya ni jibu refu, nami nawaandikia wanafunzi, na walimu wenzangu, na mzee yule pia kama gazeti hili litamfikia. Yafaa niseme mapema kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kompyuta nimejifunza ukubwani, jioni, pamoja na wanafunzi wa chama chetu cha kompyuta, na mara nyingi wao ndio walionifundisha.

Ukurasa wowote mnaousoma katika intaneti una sehemu mbili kubwa. Moja ni maneno yenyewe, kama vile hayo majina ya watahiniwa. Ya pili ni mtindo, yaani maagizo ya namna maneno hayo yatakavyoonekana: ukubwa wa herufi, rangi, upana wa safu, nafasi ya pembeni. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha iitwayo CSS. Aliyeipendekeza mara ya kwanza ni Bwana Håkon Wium Lie wa Norway, mnamo Oktoba 1994, alipokuwa akifanya kazi CERN karibu na Geneva, mahali palepale ambapo Bwana Tim Berners-Lee alikuwa ameubuni mtandao wa kurasa miaka michache kabla. Toleo la kwanza la lugha hii lilithibitishwa Desemba 1996.

Agizo moja la CSS lina jina na thamani, kati yao nukta mbili, na mwisho wake nukta mkato. Usiku wa kwanza niliandika hivi, ili safu ya majina isitanuke ovyo:

    width: 140px;

Neno la kwanza maana yake ni upana, na px ni pikseli, kipimo kidogo cha skrini. Tena niliagiza kwamba jina likizidi upana huo, lifichwe. Siku ya pili niliona kwamba majina marefu yanakatwa, na sisi huku Usukumani majina yetu si mafupi. Basi chini ya mstari ule nikaongeza mwingine, nikitaka safu ichukue upana wote uliopo ukitoa pikseli 24 za pembeni:

    width: calc(100%-24px);

Nilikuwa na hakika kabisa ya mstari huu. Ndiyo sababu sikuutazama tena. Jua lilikuwa linazama, chaji ya kompyuta ilikuwa inakwisha, nikatuma, nikaenda nyumbani.

Wasomaji, utazameni mstari huo vizuri. Kwa jicho la binadamu haukosi kitu: asilimia mia kutoa pikseli ishirini na nne. Hata mtoto wa Darasa la Sita angeuelewa. Kompyuta haikuuelewa. Tena haikusema kwamba haikuuelewa. Iliuruka kimya kimya, ikarudi kwenye mstari wa zamani wa pikseli 140, na jina la babu likafichwa.

Ili kufahamu kwa nini, hapana budi tujue kompyuta inavyosoma. Nami naanzia hapa hapa kwetu, kwenye pamba.

Mtu akitoka Mwamanyili kwenda Bariadi, makao makuu ya mkoa wetu wa Simiyu, wakati wa msimu, ataona marundo ya pamba yakingoja mzani. Mkulima amekwisha kutenga pamba safi na pamba fifi, maana akizichanganya atakosa bei. Halafu pamba hupelekwa kiwandani kuchambuliwa, na kuchambua ni kutenga nyuzi na mbegu: nyuzi ziende zake, mbegu ziende kukamuliwa mafuta. Sasa angalieni, neno hilihili ndilo tunalolitumia darasani tunaposema kuchambua sentensi. Nadhani waliolichagua walijua walichokuwa wakifanya. Sentensi nayo hufika ikiwa rundo, na kazi ya kwanza ni kutenga.

Chukueni sentensi hii: Mkulima hodari anapalilia pamba shambani. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wataichora kwa njia ya matawi bila taabu. Juu huwekwa S, yaani sentensi. Chini yake matawi mawili, kikundi nomino na kikundi tenzi. Kikundi nomino kinazaa nomino "mkulima" na kivumishi "hodari". Kikundi tenzi kinazaa kitenzi "anapalilia", nomino "pamba", na kielezi "shambani". Wengi wenu mmekwisha kuniuliza, tena kwa kunung'unika, mchoro huu una faida gani kwa mtu ambaye amekwisha kuielewa sentensi. Swali hilo ni la haki. Mtu anayeijua lugha huchora mti kichwani bila kujua kwamba anachora, kwa hiyo haoni faida yake. Faida huonekana pale sentensi inapokuwa na miti miwili.

Mathalani: Nimemwona mwalimu wa mtoto mgonjwa. Nani mgonjwa, mwalimu au mtoto? Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule. Katika mti mmoja "mgonjwa" linaning'inia kwenye tawi la "mtoto", na katika mti wa pili linaning'inia juu zaidi, kwenye tawi la "mwalimu wa mtoto". Maana ya sentensi hutegemea tawi. Kiswahili kina bahati, kwa kuwa mara nyingi ngeli hutuokoa: tukisema "jembe la mkulima jipya" kila mtu anajua ni jembe lililo jipya, na tukisema "jembe la mkulima mpya" kila mtu anajua ni mkulima. Silabi ile moja ya mwanzo inatuonyesha tawi. Lugha za kompyuta hazina ngeli. Hutumia mabano, mikato na nafasi tupu kufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na ji- na m-.

Na hapa si mambo ya kubuni tu. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza mwaka 1985 kazi ya kuifundisha kompyuta kuchambua Kiswahili chetu hiki, mfumo ambao huitwa SALAMA. Kompyuta ikipewa neno kama "tutawapelekea" sharti ilikate tu-ta-wa-pelek-e-a kabla haijajua nani anampelekea nani. Kukata kwanza, kupanga baadaye: njia ni hiyohiyo kwa neno la Kiswahili na kwa thamani ya mtindo.

Basi turudi kwenye mstari wangu. Kompyuta inapoisoma thamani ya CSS hupita mara mbili. Mara ya kwanza hukata herufi kuwa vipande. Namba yenye kipimo chake ni kipande kimoja, mfano 24px. Asilimia ni kipande. Jina likifuatwa na bano la kufungua ni kipande kimoja, mfano calc( ambalo ni agizo la kupiga hesabu. Bano la kufunga ni kipande. Mara ya pili huvipanga vipande kwenye mti.

Kosa langu lilizaliwa katika mara ya kwanza, kwenye ile alama ndogo ya kistari. Kistari katika CSS kina kazi tatu. Ni alama ya kutoa. Ni alama ya namba hasi, kama -24px. Tena ni sehemu ya majina, kwa maana majina mengi ya lugha hii yameunganishwa kwa kistari, kama background-color. Mkataji anapokutana na kistari kilichoshikana na tarakimu iliyo mbele yake hasemi "hapa pana kutoa", bali husema "hii ni namba hasi". Kwa hiyo mstari wangu ulikatwa hivi:

    calc(     100%     -24px     )

Asilimia mia, kisha hasi ishirini na nne. Namba mbili zimesimama pamoja bila neno la kuziunganisha, kama mtu anayesema "mkulima jembe" halafu akanyamaza. Hapana mti unaoweza kuota hapo. Ningaliacha nafasi kila upande wa kistari, vipande vingalikuwa vitano na mti ungaliota:

    calc(     100%     -     24px     )

Huenda msomaji mwerevu akauliza, je, kama ningaliandika 100px-24px, pikseli badala ya asilimia? Hapo mambo yangalikuwa ya ajabu zaidi. Kwa kuwa jina la kipimo laweza kuwa na kistari na tarakimu ndani yake, mkataji angaliyameza yote pamoja, akasema hii ni namba 100 yenye kipimo kiitwacho "px-24px". Kipimo hicho hakipo duniani. Ndiyo maana kanuni za CSS zinadai nafasi tupu pande zote mbili za alama ya kujumlisha na ya kutoa, lakini alama za kuzidisha na kugawanya hazidaiwi, kwa sababu nyota na mkwaju havina kazi nyingine ya kuleta utata ndani ya hesabu.

Nilipowaeleza wanachama wa chama cha kompyuta yaliyonipata, walisema tuandike programu ya kukagua mitindo kabla haijatumwa. Jaribio letu la kwanza lilikuwa la kivivu. Tulikata thamani kila palipo na nafasi tupu, tukaita kila kipande neno. Kwa thamani rahisi ilifanya kazi. Tulipoipa rangi ya kijani ya kichwa cha ukurasa wetu, rgb(30, 181, 58), ikaikata vipande vitatu, kimoja kikiwa na bano la kufungua peke yake na kingine kikiwa na bano la kufunga. Na ule mstari wangu mbovu, kwa kuwa hauna nafasi hata moja, ilipitisha kama neno moja zima. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu akasema, "Mwalimu, huu ni mkokoteni, siyo kiwanda, unabeba pamba na mbegu zake." Tukacheka, tukafuta yote, tukaanza upya.

Hii ndiyo programu ya pili, kwa lugha ya Python. Inasoma hesabu tu, wala haisomi kila thamani ya CSS. Majina ya ndani tumeyaandika kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza ni mkataji:

    import re

    UMBO = re.compile(
        r"\s+|[a-z]+\(|[+-]?[0-9.]+(?:%|[a-z]+)?|[-+*/()]")

    def kata(maandishi):
        vipande = []
        mahali = 0
        while mahali < len(maandishi):
            m = UMBO.match(maandishi, mahali)
            if not m:
                raise ValueError("Sielewi herufi ya "
                                 + str(mahali + 1))
            if not m.group().isspace():
                vipande.append(m.group())
            mahali = m.end()
        return vipande

Mstari wa UMBO unatisha kuutazama, lakini unasema mambo manne tu, na kati ya jambo na jambo pana kijiti cha wima chenye maana ya "au": nafasi tupu, au jina lenye bano, au namba yenye alama yake na kipimo chake, au alama moja moja. Mpangilio huo usibadilishwe. Namba imewekwa kabla ya alama, kwa hiyo kistari kilichoshika tarakimu humezwa na namba, kama ilivyo katika CSS yenyewe.

Sehemu ya pili ni mpangaji wa mti:

    def jumla(v):
        mti = zao(v)
        while v and v[0] in ("+", "-"):
            alama = v.pop(0)
            mti = (alama, mti, zao(v))
        return mti

    def zao(v):
        mti = kitu(v)
        while v and v[0] in ("*", "/"):
            alama = v.pop(0)
            mti = (alama, mti, kitu(v))
        return mti

    def kitu(v):
        if not v:
            raise ValueError("Maandishi yamekatika")
        k = v.pop(0)
        if k.endswith("("):
            ndani = jumla(v)
            funga = v.pop(0) if v else "mwisho"
            if funga != ")":
                raise ValueError("Nilitazamia alama au ), "
                                 "nikakuta " + funga)
            return ndani if k == "(" else (k[:-1], ndani)
        if k in ("+", "-", "*", "/", ")"):
            raise ValueError("Sikutazamia " + k)
        return k

    def chambua(maandishi):
        v = kata(maandishi)
        mti = jumla(v)
        if v:
            raise ValueError("Kimebaki " + v[0])
        return mti

Someni kwa sauti, mtaona kwamba hizi ni kanuni za sarufi, si kitu kingine. Jumla ni zao, likifuatwa na kujumlisha au kutoa zao jingine, mara nyingi utakavyo. Zao ni kitu, kikifuatwa na kuzidisha au kugawanya kwa kitu kingine. Kitu ni namba, au ni mabano yenye jumla ndani yake. Hapa mduara umefungwa, jumla imerudi ndani ya kitu, kama vile kikundi nomino chaweza kubeba kikundi nomino kingine ndani yake: jembe la mkulima wa kijiji cha jirani. Kwa ajili hiyo kanuni tatu fupi zinatosha kusoma hesabu ndefu kiasi chochote.

Tukiipa calc(100% - 2 * 12px) inatoa mti huu:

            calc
             |
             -
           /   \
        100%    *
               / \
              2   12px

Kuzidisha kumekaa chini ya kutoa, kwa hiyo kutafanywa kwanza. Mtasema, hiyo si MAGAZIJUTO tuliyofundishwa shule ya msingi? Ndiyo. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. MAGAZIJUTO ni maelezo ya mti kwa watu ambao hawakuonyeshwa mti. Lakini nawaonya jambo moja, maana hapa wengi huanguka. Neno hilo limeweka JU mbele ya TO, na mwanafunzi akilishika kama lilivyo, akipewa 12 - 4 + 3 atajumlisha 4 na 3 kwanza, apate 7, kisha atoe, apate 5. Jibu sahihi ni 11. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, vivyo hivyo kuzidisha na kugawanya, navyo hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Tazameni ndani ya jumla: kila alama mpya inapokuja, mti uliokwisha kujengwa unawekwa upande wa kushoto wa mti mpya. Programu inatoa ('+', ('-', '12', '4'), '3'), yaani kumi na mbili kutoa nne kwanza. Nilipowaonyesha hivyo, kijana mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema sasa amefahamu kwa nini alikosa maksi katika mtihani mmoja. Sikumwuliza ni mtihani gani.

Yumkini mtu aseme, kwa nini kompyuta ihangaike na mti badala ya kupiga hesabu papo hapo na kuweka jibu? Kwa sababu wakati inapousoma mtindo haijajua bado asilimia mia ni ya kiasi gani. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, mti ule wa juu utatoa 336. Kwenye skrini ya ofisini yenye pikseli 1280 utatoa 1256. Mzee akiigeuza simu yake ubavu, upana unabadilika, na hesabu hupigwa upya. Mti huhifadhiwa mzima, na jibu hupatikana kila linapohitajiwa.

Isitoshe, mti kuota si dhamana kwamba maana ipo. Sentensi "Gunia lilimeza mlima" huchorwa vizuri kabisa, matawi yote yamekaa mahali pake, lakini hakuna aliyeona jambo hilo. Vivyo hivyo 12px * 12px inapita katika programu yetu bila kelele, lakini kivinjari cha kweli hukataa kuitumia kama upana. Pikseli mara pikseli ni eneo, na upana si eneo. Programu yetu haijafika huko. Vilevile inasamehe 100%- 24px yenye nafasi upande mmoja tu, ambayo CSS haisamehe. Tumeyaacha makusudi, mtaona sababu hivi punde.

Swali moja bado. Kwa nini kivinjari kilinyamaza? Hasira yangu ya kwanza ilikuwa juu ya ukimya huo. Mashine ikinikatalia, na iniambie. Nikajifunza baadaye kwamba ukimya uliwekwa kwa makusudi tangu toleo la mwaka 1996. Waliotunga lugha walijua kwamba itaongezewa maneno mapya mwaka hata mwaka, na kwamba watu watakuwa na vivinjari vya zamani. Kivinjari cha zamani kikikuta thamani kisichoielewa, kiiruke thamani hiyo tu, kisome zilizobaki, ukurasa usife mzima. Nikifikiri juu ya simu nyingi za huku kwetu, ambazo si mpya, nakubali kwamba kanuni hiyo imewatendea wazazi wetu wema mkubwa. Lakini wema kwa msomaji ni hatari kwa mwandishi. Msomaji anasamehewa asiyoyaelewa, na mwandishi mzembe naye anasamehewa pamoja naye, bila kujua kwamba alikosa. Ndiyo maana mwandishi sharti awe na msomaji wake mkali, anayepiga kelele nyumbani kabla ya kutoka.

Siku tulipomaliza tulimpa msomaji wetu mkali mstari wangu. Akajibu:

    Nilitazamia alama au ), nikakuta -24px

Tukampa hesabu zote nyingine za mitindo ya ukurasa ule. Akapata kosa jingine, langu pia, bano lisilofungwa katika mtindo wa safu ya namba za watahiniwa, ambalo hakuna mzazi aliyelalamikia. Tulisahihisha yote mawili, na safari hii nilifungua ukurasa kwa simu tatu tofauti, ndogo kwa kubwa, nikapitia kila jina hadi herufi ya mwisho kabla sijatuma. Kisha nilimpigia simu yule mzee. Aliomba nisubiri, nikamsikia akimwita binti yake asome kwa sauti. Alisoma majina yote matatu. Mzee akasema, "Huyo ndiye," akakata.

Kwa wanafunzi watakaotaka kuendelea, haya ndiyo mazoezi ya likizo. Kwanza, choreni kwa mkono mti wa calc((100% - 24px) / 3), kisha semeni utatoa pikseli ngapi kwenye simu yenye upana wa 360. Pili, rekebisheni kata ili ihifadhi nafasi tupu, na jumla ikatae kistari au alama ya kujumlisha isiyo na nafasi pande zote mbili. Tatu, ongezeni mkato, ili programu isome rgb(30, 181, 58) kama tawi moja lenye watoto watatu. La nne ni la wale wa Kidato cha Nne tu: andikeni kanuni itakayokataa 12px * 12px lakini ikubali 2 * 12px na 12px * 2. Majibu yaletwe kwangu juma la kwanza la muhula, kwenye karatasi, na miti ichorwe kwa rula.